Siku saba na kontena la taka mlangoni

Sahani za ugali zilikuwa tano, watoto waliokuja kunawa mikono walikuwa wanne.

Mama alihesabu tena. Kijana wake wa miaka kumi alikuwepo, watoto watatu wa wifi yake walikuwepo. Aliyekosekana ni binti yake wa miaka sita.

"Mwenzenu yuko wapi?"

Wakatazamana. Yule mkubwa akasema walikuwa wanacheza kombolela na mdogo wao ndiye pekee ambaye hajapatikana. Alisema kwa sauti ya kusifia: safari hii kajificha vizuri.

Nje, kwenye njia ya kuingizia gari, mumewe na shemeji yake walikuwa wamenyanyua ubavu mmoja wa kabati la nguo, mbao ngumu ya zamani, wameuegemeza kwenye ukingo wa kontena la taka. Giza lilikuwa linaingia. Mama alitoka peku.

"Acheni! Shusheni chini!"

Walishusha shingo upande, wakidhani amebadili mawazo kuhusu kabati. Kukawa kimya. Ndipo kikohozi kikasikika kutoka ndani ya lile sanduku la chuma, nyuma ya zulia lililoviringishwa, pale pale ambapo ubavu wa kabati ungetua.

Baba aliingia kupitia mlango wa nyuma wa kontena, ambao ulikuwa wazi tangu asubuhi, akatoka na mtoto mikononi, vumbi limejaa kwenye misuko yake. Mtoto alitaka kujua kama ameshinda.

Hiyo ilikuwa siku ya pili. Zilikuwa zimebaki tano.

Nyumba yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa ya kupanga, katika jiji la Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, na aliyeishi humo kwa miaka 24 ni shangazi wa mama huyu, dada wa baba yake. Shangazi alifariki Septemba. Watanzania wa Ohio na majimbo ya jirani walichangishana, mwili ukasafirishwa, akazikwa Morogoro kama alivyotaka. Waliorudi kutoka msibani walirudi na funguo za nyumba, wakakuta barua ya mwenye nyumba iliyosema kwa upole kwamba anaihitaji ikiwa tupu ifikapo mwisho wa Oktoba.

Ikiwa tupu. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya Shangazi alijua uzito wa maneno hayo mawili. Alikuwa mhudumu wa wazee, kazi ya zamu za usiku, na hakuwahi kutupa kitu. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, huku akiosha kopo la siagi na kulipanga juu ya mengine mia. Kulikuwa na viatu vya watoto ambao sasa wako chuo kikuu, mapipa mawili ya plastiki ya kusafirishia mizigo nyumbani yakiwa yamejaa nusu, simu za zamani ndani ya kopo la biskuti, magodoro matatu, friza kubwa, na katika chumba cha chini ya ardhi, kile wanachokiita besimenti, vitu ambavyo hakuna aliyejua idadi yake.

Kwa Mtanzania dampo ni mahali. Ni Pugu Kinyamwezi, ni kule malori yanakoelekea. Kwa Mmarekani ni sanduku. Huliita dumpster, jina linalotokana na ndugu wa ukoo wa Dempster wa mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, ambao kampuni yao miaka ya 1930 ilibuni chombo cha taka kinachoinuliwa na lori lenyewe. Siku hizi mtu hupiga simu, akakodi, sanduku likashushwa mbele ya nyumba, akajaza, lori likarudi kulichukua. Urahisi huo unaponza watu. Ukishakuwa na shimo kubwa wazi mlangoni, unaanza kuamini kwamba chochote kikiingia humo kimekwisha.

Makontena hayo hupimwa kwa yadi za ujazo, na yanayokodishwa sana ni ya 10, 20, 30 na 40. Baba alitaka la 40, "ili tumalize mara moja." Mama alichagua la 20, sawa na mita za ujazo 15 hivi, na haikuwa kwa sababu ya bei tu. Kontena la 40 lina kuta za karibu futi 8. Mtu anayerusha kitu juu ya ukuta wa futi 8 haoni kinakoangukia. Lile la 20 lilikuwa na kimo cha futi 4 na ushee, mtu mzima anachungulia bila kupanda kitu. Mabishano hayo yalichukua dakika kumi, na hakuna aliyejua wakati ule kwamba ndiyo yaliyokuwa muhimu kuliko yote ya wiki.

Dereva aliyelileta Jumamosi saa moja na nusu asubuhi alikuwa mzee wa maneno machache. Kabla ya kushusha aliangalia juu, akitafuta nyaya za umeme na matawi, kwa sababu lori lile huinua mgongo wake kuliteremsha sanduku. Akaweka mbao mbili nene chini ili chuma kisikwaruze sakafu ya mwenye nyumba. Akauliza gari la nani limeegeshwa pale mbele, liondolewe hadi siku ya kuchukua. Kama wangeliweka barabarani wangehitaji kibali cha jiji, kama ilivyo katika miji mingi ya kule. Halafu akafungua mlango wa nyuma kuwaonyesha komeo, na akasisitiza jambo moja: anayefungua asimame pembeni, kamwe asisimame mbele, maana mzigo unaweza kuwa umeegemea mlango kutoka ndani. Mwisho akapitisha kiganja juu ya ukingo. Kisizidi hapa. Kikizidi sibebi.

Alimwachia baba karatasi ya vitu visivyoruhusiwa. Rangi za maji, matairi, betri, mitungi ya gesi, friji na friza, televisheni, kemikali, dawa. Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji, na hakuna aliyeisoma hadi Jumatatu.

Jioni ya Jumamosi simu iliita kutoka Morogoro.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mmeleta sanduku la kutupia vitu vya marehemu."

Mama alieleza habari ya mwenye nyumba na tarehe. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema arobaini haijafika. Vitu vya marehemu havitupwi, vinagawiwa, na vinagawiwa na kikao. Nguo zake, vyombo vyake, vitabu vyake, visitiwe humo. Mama aliitikia. Akiwa amechoka, akiwa na siku saba za kukodi na likizo ya siku nne kazini, aliitikia kwa sababu hakuna namna nyingine ya kumjibu Baba Mkubwa.

Kwa hiyo sebule ikawa chumba cha kikao. Kila kitu cha Shangazi kililetwa kwanza pale, kikafunguliwa, kikakaguliwa, mifuko ya makoti ikapapaswa, ndipo kikawekwa upande wa kugawiwa, upande wa kupeleka kwingine, au upande wa kontena. Kazi iliongezeka maradufu, na baba alinung'unika. Lakini ni katika mfuko wa koti la baridi, Jumapili asubuhi, ndipo wifi alipopata kalamu ya insulini yenye sindano yake bado imebaki ncha. Kama makoti yale yangetupwa kwa mafungu, kama baba alivyotaka, ile sindano ingemngoja mtu mwingine. Takataka za kontena hazipotelei hewani. Mara nyingi humwagwa sakafuni kwenye kituo cha taka, na watu wenye glavu huzichambua kwa mikono.

Usiku ule wa kombolela, watoto walipolala, watu wazima walikaa jikoni. Shemeji alikuwa bado anatetemeka, yeye ndiye aliyekuwa anahesabu "moja, mbili." Hakuna aliyemlaumu mtu. Mama alichukua kalamu akaandika nyuma ya ile karatasi ya dereva. Mlango wa kontena unafungwa kwa kufuli kila usipokuwa na mtu mzima ndani yake. Hakuna kurusha kitu juu ya ukingo bila kwanza kuchungulia na kuita kwa sauti. Kila asubuhi, kabla ya kitu cha kwanza kuingia, mtu anaingia na kuangalia hadi kona ya mwisho. Asubuhi ya kuchukuliwa, vivyo hivyo. Kule Marekani watu wasio na makazi waliolala ndani ya makontena ya taka kujikinga na baridi wamewahi kufa lori lilipokuja. Mama alikuwa ameshasikia habari hizo kwenye redio, na hakuwahi kuzihusisha na uani kwake.

Na watoto? Hadi siku ile walikuwa wanaangaliwa na wote, kwa maana kwamba kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia. Kuanzia Jumatatu kazi hiyo ilikuwa ya wifi peke yake. Habebi, hapangi, hapiki. Akihitaji kwenda msalani anamkabidhi mtu kwa jina, na huyo anaitikia kwa mdomo.

Bafu la Shangazi lilifunguliwa Jumatatu. Wazazi wengi wangeshtuka kujua ni vitu gani vimo kwenye kabati dogo la kioo la mtu mzima aliyeugua muda mrefu. Vidonge vya shinikizo la damu vya miaka mitatu tofauti. Chupa ya dawa kali ya maumivu, ya kundi la opioidi, aliyopewa baada ya upasuaji wa goti, ikiwa na vidonge zaidi ya kumi. Vijisindano vya kutoboa kidole kupima sukari. Sindano za kalamu za insulini, nyingine mpya, nyingine zimetumika na kurudishwa kwenye boksi lake.

Shemeji alileta mfuko mweusi. Mama akamzuia, na ndipo karatasi iliposomwa.

Sindano huwekwa kwenye chombo kigumu kisichotoboka. Wasio na chombo maalumu wanaweza kutumia chupa nene ya plastiki ya sabuni ya maji ya kufulia, ncha ikitangulia chini, bila kujaribu kuzirudishia vifuniko vyake, kisha kifuniko cha chupa kikazwe na chupa iandikwe wazi kwamba ni vitu vyenye ncha. Inakopelekwa hutegemea mji. Wao walielekezwa mahali pa kukabidhi. Dawa zilienda kwenye sanduku la kurudishia dawa, ambalo Marekani huwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa na vituo vya polisi, na mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kuna siku ya kitaifa ya kuzikusanya. Asiye na sanduku karibu hushauriwa kuchanganya vidonge na kitu kisicholika, kama machicha ya kahawa au udongo, akafunga kwenye mfuko na kutupa pamoja na taka za nyumbani. Opioidi ni habari nyingine: mamlaka ya dawa ya kule, FDA, inasema dawa za kundi hilo zilizo kwenye orodha yake maalumu, kama hakuna pa kuzirudisha upesi, zimwagwe chooni, kwa sababu kidonge kimoja kinaweza kumuua mtoto.

Kabla ya kutupa chupa tupu, jina la mgonjwa hufutwa. Mama alikaa kwenye ukingo wa bafu na kalamu nyeusi ya wino mzito. Jina la Shangazi lilikuwa kwenye chupa 31. Alifika katikati akaiweka kalamu chini, akaenda kusimama kwanza dirishani.

Chini ya sinki la jikoni kulikuwa na ghala la sabuni na dawa za kusafishia. Nyingine zilikuwa zinavuja. Jiki ikikutana na kisafishio chenye amonia hutoa gesi inayochoma mapafu, na ndani ya kontena lililofungwa na turubai hakuna anayejua nini kinakutana na nini. Hizo zilitengwa kwenye beseni gerejini, kila moja wima, zikapelekwa kwenye kituo cha kukusanyia kemikali za majumbani. Zile simu za kwenye kopo la biskuti nazo. Betri za lithiamu zikipondwa huwaka, na malori ya taka yameshaungua kwa sababu ya simu moja.

Friza ilikuwa na kisamvu, dagaa, na mifuko ya mahindi mabichi aliyokuwa akinunua kwa wakulima. Vyakula viliondoka kwanza, na hilo nalo halikuwa jepesi; kila mfuko ulikuwa na tarehe kwa mwandiko wake. Friza haiingii kontenani kwa sababu ya gesi yake ya kupozea, ambayo sheria inataka itolewe na fundi. Ilibidi isubiri gerejini siku tatu. Shemeji, ambaye sasa alikuwa mwepesi wa tahadhari kuliko wote, aling'oa mfuniko wake kabla hata hajaambiwa. Kuna sababu: Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kulazimisha friji za majumbani ziweze kufunguka kutoka ndani, baada ya watoto kufa wakiwa wamejificha kwenye friji za zamani zenye komeo la nje. Watoto wale nao walikuwa wanacheza.

Besimenti ndiyo iliyowagombanisha.

Nyuma ya mapipa, zikiwa zimeegemezwa ukutani kwa utaratibu na kutenganishwa na makaratasi, kulikuwa na fremu tisa za madirisha na milango miwili ya mbao. Baba alikumbuka: miaka ya nyuma mwenye nyumba alibadilisha madirisha, na Shangazi akaomba yale ya zamani. Alikuwa anajenga Kihonda, Morogoro. Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, na fremu hizi zilikuwa zinangoja nafasi kwenye kontena la kusafirisha mizigo. Mbao zilikuwa nzuri kweli. Baba alizigonga kwa kidole. "Hizi hazitupwi," alisema. "Hizi ndizo akiba yenyewe."

Mama aliangalia rangi. Ilikuwa nyeupe, nene, imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, na chini ya kila fremu kulikuwa na vumbi na vigae vidogo vya rangi iliyobanduka. Alipompeleka binti yake kliniki akiwa na mwaka mmoja, na tena akiwa na miwili, walimtoa damu kupima madini ya risasi, na daktari aliuliza nyumba yao ilijengwa lini. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978. Nyumba ya Shangazi ilijengwa miaka ya hamsini.

Walinunua kipimo kidogo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jibu lilikuwa risasi ipo.

Risasi haimtendei mtoto kwa kelele. Haileti homa wala upele. Inaingia na vumbi, kupitia vidole vinavyokwenda mdomoni, na inadhuru ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, na mwalimu anamwita mtukutu. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Baba alijua yote hayo, na bado ilimuuma. Alisema rangi inaweza kukwanguliwa Morogoro. Mama akauliza nani atakwangua, kwa msasa gani, na watoto wa nani watakuwa wanacheza pembeni. Baba akasema hilo aamue mwenye ukoo wake.

Kwa hiyo simu ikapigwa.

"Baba Mkubwa, yale madirisha ya Shangazi ya Kihonda yapo. Lakini rangi yake ina sumu. Watakaoila ni watoto watakaolala kwenye hiyo nyumba."

Mzee alinyamaza muda mrefu hadi wakadhani mtandao umekatika.

"Yeye alijua?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Hakujua."

"Basi tupa, mwanangu."

Waliuliza kampuni kwanza kama wanaruhusiwa, wakaambiwa ndiyo, mradi zifungwe. Fremu zilinyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke, zikaviringishwa kwenye plastiki nene na kufungwa kwa gundi ya utepe, kila moja nzima, bila kuvunjwa wala kukatwa. Barakoa zilikuwa zile za N95, si za kitambaa. Waliozibeba walivua nguo gerejini, wakaoga kabla ya kumgusa mtoto, na nguo zile zikafuliwa peke yake.

Zilipoondoka, ukuta wa nyuma ulionyesha kinyesi cha panya. Wifi alikuja na ufagio, na hapo nusura wakosee tena. Kinyesi cha panya hakifagiliwi kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta na vingine. Hulowanishwa kwanza, jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, kikaachwa dakika tano, kikafutwa kwa karatasi na glavu mkononi, chumba kikiwa kimefunguliwa hewa. Hili linafaa kwenye stoo ya Tabata sawa na kwenye besimenti ya Ohio.

Jumatano shemeji alikanyaga msumari. Alikuwa amevaa ndala. Buti alikuwa nazo, mpya, kwenye gari, lakini alikuwa "anatoka mara moja tu" kuweka ubao mmoja. Msumari ulipita kwenye ndala kama unapita kwenye mkate. Walisafisha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mama akauliza swali ambalo watu wazima wachache wana jibu lake: chanjo yako ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini? Hakukumbuka. Kwa kidonda kichafu namna hiyo, ikiwa imepita miaka mitano tangu chanjo, huongezewa nyingine. Bila kidonda ni kila miaka kumi. Alichomwa siku hiyo hiyo na kurudi akichechemea, amevaa buti mguu mmoja.

Alhamisi asubuhi ukaguzi wa kona hadi kona ulikuta wageni: godoro lisilo lao na televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Majirani, au wapita njia, walikuja usiku. Ni kawaida kule, na anayelipia ni aliyekodi. Televisheni zile zina risasi ndani ya kioo chake, hazipokelewi. Godoro walilibeba kwa hasira kulirudisha barabarani, wakaona aibu, wakalirudisha kontenani. Kuanzia siku ile turubai lilifungwa kila jioni kwa kamba, jambo ambalo lingepaswa kufanywa tangu mwanzo kwa sababu ya mvua pia. Zulia na magodoro yakilowa huongezeka uzito, na wao walikuwa wameruhusiwa tani 2 tu. Zaidi ya hapo kila tani ina bei yake.

Kupanga kulibaki kazi ya baba, na aliifanya vizuri. Vizito viliingizwa kwa miguu kupitia mlango wa nyuma, vikatandazwa chini sakafu nzima ili mzigo usilalie upande mmoja. Makabati yalifunguliwa skrubu na kulazwa. Juu yake magodoro. Ijumaa jioni mzigo ulikuwa umefika sentimita chache chini ya ukingo, na makopo ya siagi, yale mia, yalikuwa hayajaingia. Yalioshwa na kupelekwa kwenye urejelezaji. Mama alibakiza moja.

Dereva alirudi Jumamosi. Kabla hajashuka, baba alikuwa ameshaingia na kutoka kwa mara ya mwisho, na wifi alikuwa amesimama kwenye baraza na watoto watano, akiwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Dereva alizunguka, akapiga ubavu wa kontena ngumi tatu, akasikiliza. Alisema hufanya hivyo kila mahali. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Lori lilipoondoka zilibaki mbao mbili na mstari wa kutu. Shemeji alifunga sumaku kwenye kamba, akampa binti wa miaka sita, aliyevaa buti za kaka yake zikimpwaya, na wakaanza kuiburuta taratibu juu ya saruji na kwenye majani pembeni, huku mtoto akihesabu kwa sauti kila msumari ulionasa. Walipofika 19 alitaka kuacha. Mama yake akamwambia waende mpaka kwenye ua.

Walipata 26.